Ndunge, Mwambie Susu Yako

Luton, Uingereza
Jumanne

Mpendwa Baba Mwende,

Niwie radhi kwa kunyamaza. Tangu nifike huku baada ya mazishi sijakuandikia, na ile simu moja niliyopiga ilikatika kabla sijasema la maana. Sikukosa nafasi. Kila nilipokaa kuandika, niliandika salamu, kisha nikakosa la kufuatisha. Leo ninalo.

Magoti yako yanaendeleaje? Je, mvua imefika Muthetheni, na mbaazi zimetoa maua? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Bado sijalia. Nakueleza mwenyewe usije ukaambiwa na mtu mwingine kwamba nimekuwa jiwe. Ni hali tu, kama mkono uliokufa ganzi.

Ndunge naye ni mzima. Tulipomzika binti yetu kule Katangi, kwao mumewe, tuliambiwa kwamba mtoto amebaki hospitalini huku kwa kuwa alizaliwa kabla ya wakati. Sasa ana mashavu. Paji la uso ni la mama yake. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli.

Unajua nilivyosita kuja kuishi nyumba moja na mkwe. Sisi ni watu wa kanisa, lakini nthoni hatukuiacha: Muthiani hajawahi kula mezani nami wala kunishika mkono, na tukikutana njiani yeye hupisha. Nyumba za huku ni nyembamba kama kabati, kwa hiyo tulijipangia. Akitoka kazini hukohoa mlangoni, nami napanda juu. Akishapasha maziwa ya mtoto huiweka chupa kwenye ngazi, hubisha ukuta, hurudi jikoni. Nashuka kuichukua. Hatukuwa tumesemezana zaidi ya salamu. Jambo zito kati ya mkwe na mama mkwe hupelekwa na mtu wa kati, na huku mtu wa kati hayupo.

Jambo zito lilikuwapo: Ndunge atalelewa wapi. Katunge, dada yake Muthiani aliyeolewa Skotilandi, hajajaliwa mtoto, naye alijitolea kumchukua. Alitukatia tikiti yeye mwenyewe. Sikuulizwa, na sikupinga. Nilizikunja nguo za mtoto nikazitia mkobani kama mtu anayepanga vitabu vya darasa.

Tulipanda ndege za bei nafuu. Usifikirie ile iliyonileta kutoka Nairobi. Hizi hazina namba za viti. Watu hupanga foleni, na mlango ukifunguliwa hukimbia uwanjani kwenye mvua kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula. Hata maji ya kunywa yanauzwa. Kigari cha mtoto huachwa chini ya ngazi. Mtoto mchanga hana kiti; hupakatwa, akafungwa kwa mkanda mdogo unaopitishwa katika mkanda wa mtu mzima ambaye ametajwa naye kwenye tikiti. Aliyetajwa ni Muthiani.

Kwa kuwa kila mtu hujichagulia kiti, mimi niliketi nyuma, yeye akaenda mbele. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Ilikuwa adabu. Tulichosahau ni kwamba mtoto alikuwa kwake na mkoba wa maziwa ulikuwa kwangu.

Ndege ilipoanza kupaa, Ndunge alilia. Masikio ya watoto huuma wakati huo, na dawa yake ni kunyonya. Nikatoa chupa nikampa aliyekuwa mbele yangu, naye akampa wa mbele yake, ikaenda hivyo mkono kwa mkono mpaka kwa Muthiani. Baadaye kikanirudia kitambaa kilichocheuliwa maziwa, kwa njia ile ile. Nikapeleka kisafi. Chupa nayo ikarudi kufungwa kifuniko, ikaenda tena.

Bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu akageuka. "Mama, hii chupa imesafiri kuliko mimi. Mmeikatia tikiti?"

Watu wakacheka. Mhudumu wa ndege akaja, msichana mwenye rangi nyingi usoni. "Mnasafiri pamoja?"

"Ndiyo."

"Mmegombana?"

"Hapana. Yule ni mkwe wangu."

"Basi hakuna ajabu," akasema mwenye ndevu. "Hata mimi na mama mkwe wangu hukaa hivyo hivyo."

Msichana hakucheka. Alimhamisha mtu aliyekuwa karibu na Muthiani, akanishika kiwiko, akaniketisha pale. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Viti vyenyewe ni vyembamba, Baba Mwende. Bega langu lilikuwa kwenye bega la mkwe wangu. Yeye alikodolea macho kiti cha mbele kama kwamba kimeandikwa kitu. Ndunge alikuwa amefungwa kwake kwa ule mkanda mdogo, na miguu yake imeangukia mapajani mwangu.

Kisha Muthiani akasema, bila kugeuza uso, "Ndunge, mwambie susu yako mimi silali."

Mtoto alinyonya. Susu ni mimi, nyanya yake, kwa hiyo nikasema, "Ndunge, mwambie baba yako namsikia akitembea."

"Mwambie susu, shangazi yako ni mtu mzuri. Lakini nikikuacha huko, nitarudi kwa hiyo nyumba na nani? Nguo za mama yako bado ziko kwa kabati. Sitaki mtu aziguse."

Unajua ningemsahihisha Kiswahili chake siku nyingine. Sikumsahihisha.

"Mwambie baba yako, mbona hakusema mapema?"

"Ningemtuma nani?" akasema. Hilo hakumpa Ndunge alipeleke. Alilisema tu.

Katunge alitupokea vizuri. Alikuwa amepaka chumba kizima rangi ya manjano, na karai la kuogea mtoto lilikuwa jipya. Alimwogesha, akamwimbia kwa Kikamba, akamlaza kifuani. Niliona jinsi alivyomshika, na sikuweza kumlaumu mtu yeyote. Siku ya kurudi, Muthiani alishuka asubuhi amemfunika Ndunge ndani ya koti lake na kumfungia vifungo. Katunge alikuwa akiosha vikombe.

"Kaka, si ungeniambia kwa simu?"

"Kwa simu nilikuwa sijajua."

"Na mimi nimepaka rangi."

"Nimeona. Ni nzuri."

Akamaliza vikombe vyote, akavifuta, akapanda juu. Akatuletea mkoba wa nguo za mtoto. Alikuwa amezikunja upya, vizuri kuliko mimi.

Uwanjani, msichana wa kaunta akatazama karatasi zetu. "Mtoto hana safari ya kurudi."

Ilikuwa kweli. Katunge alimkatia ya kwenda tu, wala sisi watu wazima wawili hatukuwa tumeliona hilo.

"Anarudi," Muthiani akasema.

Ikaandikwa. Ndani ya ndege tuliketi pamoja, na hakuna aliyetulazimisha.

Sasa yamebaki mawili. Muthiani hawezi kumlea peke yake kwa kazi yake ya zamu. Ama nije na Ndunge nyumbani, babake abaki na lile kabati. Ama niombe ruhusa ya kukaa huku nimlee, nawe ubaki peke yako na magoti yako. Jana jioni hakuiweka chupa kwenye ngazi. Alisimama mlangoni macho yakiwa chini, akanyoosha mkono, nami nikaipokea. "Ndunge, mwambie susu anipe mpaka mwisho wa mwezi niamue," akasema, akaondoka.

Kwa hiyo nataka neno lako kabla ya hapo. Usiwaulize wazee, wala usimwulize mchungaji. Ni wewe na mimi tutakaolala kila mtu na ukuta wake, au tutakaokesha na mtoto katika umri huu.

Nisalimie mdogo wangu anayekukamia ng'ombe, na mke wa mchungaji aliyelala nami mkekani wiki ile ya matanga. Mwambie yule Msomali mwenye duka pale Kithimani kwamba sijasahau turubai lake. Mwandiko huu usikushangaze. Ndunge amenilalia mkono wa kulia, nami naandika kwa wa kushoto.

Uamuzi ukipatikana nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Bado ni mimi,
Mama Mwende