Mzuka wa Kitabuni na Maneno ya Wifi

Jumapili, mchana. Nachingwea jua linachoma, na upepo unapeperusha vumbi hadi kwenye sufuria. Mikorosho imeanza kuchanua. Mimi nimenuna tangu jana.

Jana nilikwenda Ruangwa kwenye kikundi chetu cha kusoma, nyumbani kwa Mwalimu Neema. Safari hii kitabu nilichagua mimi: riwaya ya mapenzi, ya kuchekesha. Mume amekufa, ila mzuka wake hataki kuondoka nyumbani. Mkewe akipata mchumba, mzuka anamfichia mchumba viatu, anamtilia chumvi kwenye chai. Mwishowe anachoka, anaona jamaa ni mtu mwema, anaenda zake.

Nilicheka peke yangu saluni kwangu hadi mteja akaniuliza kama naumwa.

Wenzangu hawakucheka.

Mzee Bakari, karani mstaafu, alisema maiti hawezi kushika kijiko cha chumvi, kwa hiyo kitabu ni cha uongo. Kitabu cha utani kinapimwa kama ushahidi wa mahakamani. Mwalimu Neema alilalamika kwamba hakina funzo. Kwani kila tukifungua kitabu lazima turudi darasani?

Hayo ningeyameza. Hasira yangu ni ya wifi.

Wifi Zuhura ni dada wa marehemu mume wangu. Alisubiri wote wamalize, akaweka kikombe chini, akasema hana neno na mzuka. Ana neno na mjane. Alisema mwanamke yule hana haya, kaburi halijaota nyasi, yeye keshapaka wanja. Aliyasema akinitazama mimi, si kitabu.

Na wote pale walijua kwa nini. Yuko mwanamume wa Marambo, mkulima wa ufuta, naye kafiwa na mke. Huwa anapita saluni kunijulia hali. Mume wangu ana miaka mitatu kaburini. Yule bwana hajaja kuposa kwa sababu mimi ndiye ninayemzuia, nikiogopa maneno kama haya.

"Mwanamke aliyempenda mumewe hawezi kucheka kitabu hiki," wifi akasema.

Nilikumbuka maziko. Mtani wa mume wangu kutoka Matambarale alivaa kofia na koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akatuuliza nani kakalia kiti chake. Msiba mzima ulicheka. Ndivyo tunavyozikana huku.

Nikamjibu kwa sauti ya kawaida: "Wifi, siku tunamzika kaka yako ulicheka ukaanguka mkekani. Sikusema humpendi. Leo mimi nimecheka kitabu, unasema sikumpenda?"

Alifunga kanga yake upya. Mzee Bakari ghafla akakumbuka swala ya alasiri. Neema akamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Nilipotoka, wifi alinifuata hadi barabarani. Nilidhani anakuja kugomba. Alisema tu kwamba kila akiniona nimependeza, anahisi kaka yake anakufa tena.

Nilimwelewa. Nikamshika mkono. Lakini kumwelewa hakujanitoa hasira, na hapa sitajifanya mtakatifu. Uchungu wake ni wake. Hana haki ya kunivisha mimi uchungu huo kama kaniki ya msiba, tena mbele za watu.

Kitabu chenyewe sasa wanasema kisisomwe tena kikundini. Nimekirudisha saluni, nimekiweka pale wateja wanapokaa kusubiri.

Asubuhi nimempigia simu yule wa Marambo. Nimemwambia awalete wazee wake kwa baba yangu, waje mchana, kila mtu awaone. Wifi nitamwambia mwenyewe, asije akasikia sokoni.

Akaniuliza kama nina uhakika au ni hasira tu.

Nikamwambia ninavyo vyote viwili.