Picha ya Bukuru

Kasulu, Alhamisi, Novemba 2013

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na baridi ya huku haina adabu. Mtu wa Kilifi kama mimi hakuumbiwa hali hii. Nimejifunika mablanketi mawili ya gesti, kamera iko mapajani, na sina wa kumpigia simu.

Nilikuja kutafuta sura ya baba.

Baba alitoka huku akiwa kijana kwenda kukata mkonge Tanga, akavuka mpaka hadi mashamba ya kwetu pwani ya Kenya, akaoa, akanizaa mimi peke yangu. Mwaka jana akafariki. Mama alishamtangulia. Kamera hakuipenda kabisa. Ukimwelekezea tu, anageuka au anakumbuka kazi nje. Hata kitambulisho chake tulikirudisha serikalini. Kwa hiyo nyumba nzima haina picha yake, na mimi nimeanza kumsahau. Naogopa kuliandika hili, lakini ni kweli. Sauti yake ninayo, pua yake ninayo, uso mzima hauji.

Nikafunga safari na jina la kijiji tu, nikitumaini kwamba mzee yeyote wa ukoo atakuwa na kipande cha sura yake.

Juzi dada wa mapokezi alisoma jina langu, Rehema Bukuru, akaniuliza Butoyi yuko wapi. Sikumwelewa. Akacheka, akanieleza kwamba kwa Waha wa huku, Bukuru ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, na anayemfuata huitwa Butoyi. Miaka yote nimebeba jina linalotangaza kwamba baba alikuwa na mwenzake, na kwetu hakuna aliyelijua hilo. Baba mwenyewe hakuwahi kusema.

Leo nimemwona Butoyi.

Kijijini kwa baba walinielekeza kwake: anaishi na bintiye, Yasinta, njia ya kwenda Manyovu, nyumba imezungukwa na migomba. Alipotokeza mlangoni niliitambua ile pua. "Mwidiwe," akanisalimu, akanishika viwiko vyote viwili. Nilimpa habari ya kifo palepale. Hakuniachia, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia mwanga unatokea upande gani.

Tulipomaliza ndizi na maharage, mvua ikapumua kidogo. Nikamkalisha barazani, nikaanza kumpiga picha kama mtu aliyetumwa. Geuka huku, mzee. Inua kidevu, mzee. Nilimvua kofia kwa sababu baba hakuvaa kofia. Nilimwomba acheke bila kufungua mdomo, kwa sababu ndivyo baba alivyocheka. Yasinta, ambaye tangu nifike alikuwa ananitania kwamba naongea kama redio, aliacha utani, akaichukua kofia. Mzee alitii kila kitu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, na sijawahi kujiona mpweke vile.

Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha polepole, kama ninayo picha ya Bukuru. Waliagana wakiwa vijana wa kuanza kuota ndevu, na hakumwona tena.

Nikasema sina.

Akanyoosha mkono, nikampa kamera. Akaitazama picha yake mwenyewe kwa muda mrefu, kioo kikikaribia kugusa pua.

"Kwa hiyo alizeeka hivi," akasema.

Nikasema ndiyo. Akauliza kama nywele zilimtoka hapa mbele. Zilimtoka. Akauliza kuhusu meno. Yalibaki machache. Akauliza kama kuna mahali hawakufanana, nami nikajibu bila kufikiri kwamba ni jicho la kulia. Mwiba wa mkonge ulilichoma kabla sijazaliwa, likafumba moja kwa moja. Nilipokuwa nasema ndipo nilipoelewa kwa nini baba alikuwa anageuka.

Mzee akanirudishia kamera. Akajiweka sawa kwenye kiti, akafumba jicho la kulia.

"Piga sasa, mwanangu," akasema. "Moja yako, moja yangu."

Nikapiga. Sijui kama imetoka vizuri. "Tayari, baba," nikamwambia, mimi niliyemwita mzee mchana kutwa. Hakulifumbua jicho upesi. Mvua ilianza tena yeye akiwa amekaa vilevile, Yasinta akaja kusimama nyuma ya kiti chake, na sote hatukumharakisha.

Tangu nirudi sijaifungua hiyo picha. Naogopa nitamwona baba. Naogopa zaidi nitamwona mzee mmoja amefumba jicho, basi.

Kesho nitaisafisha hapa mjini, nakala mbili, na mwenye studio nitamwomba aniwekee ndani ya bahasha aifunge. Nitaifungulia barazani kwa baba mdogo. Kama ni Bukuru, yeye ndiye atakayeniambia.