Mama Ananisindikiza Hadi Njia Panda

Baba,

Shikamoo. Mahali hapa mtu huuliza hali ya anayemwandikia. Naparuka, maana jibu ninalo, nilikuwepo. Naanza na habari kubwa, kama ulivyotaka kila gazeti lianze: king'amuzi chako kimezimwa, na hakitawashwa tena.

Najua hapo ungevua miwani. Vaa kwanza, nikueleze kwa mpangilio.

Ulipotutoka, mimi na Ezekieli tulibaki na swali moja: Mama atakaa wapi. Mdogo wangu yuko Dodoma, mimi niko Mbeya, na Mama amebaki peke yake Kilolo, kwenye nyumba ambayo bomba ni la nje, la kushirikiana na majirani, na jiko la kuni liko nyuma. Ezekieli aliniuliza, "Dada, akianguka jikoni, nani atajua?" Kazi yangu ya uandishi wa habari imenizoesha kuuliza maswali ya namna hiyo, siyo kuulizwa. Tukakubaliana ahamie kwangu. Nikapaka rangi chumba cha nyuma, nikatafuta kitanda kifupi asipate shida kupanda. Tulipomwambia, akasema, "Ngoja nivune kwanza." Alipovuna akasema, "Ngoja nipukuchue kwanza." Unamjua. Hakukataa hata mara moja. Kazi tu hazikuisha.

Wakati tunamngoja, tuliona heri awe na televisheni ya kumchangamsha. Kifurushi kilipokaribia kuisha nililipia kwa simu nikiwa Mbeya, nikajiona mtoto mwema sana. Kisha nikaenda Kilolo kumsalimia. Televisheni nikaikuta imefunikwa kile kitambaa cheupe cha kudarizi. Rimoti ilikuwa juu yake, bado ndani ya nailoni uliyoivalisha mwenyewe, na nailoni ilikuwa na vumbi ambalo ungeweza kuandika jina lako juu yake. Sikuhitaji shahidi. Muda wote ule nilikuwa nalipia kitambaa.

"Mama, kumbe huangalii?"

"Niangalie nini?"

"Si taarifa ya habari."

"Ule ulikuwa ugomvi wa baba yako na Luka. Mimi nilikuwa nachambua maharage yangu. Mwanga wake ulikuwa mzuri."

Mzee Luka naye nilimhoji. Unakumbuka alivyokuwa anaingia kwa mlango wa nyuma kila jioni taarifa ikianza, bila hodi, jirani mmoja tu aliyekuja kwetu ili akupinge. Ukisema mvua za mwaka huu zitatosha, yeye alisema hazitatosha. Mtabiri wa hali ya hewa akikubaliana naye, alihamia upande wako papo hapo ili abaki na mtu wa kubishana naye. Baada ya msiba alikuja jioni chache, akakaa kwenye kiti chake kilekile, akasikiliza mpaka habari za michezo, akaaga kwa adabu. Halafu akaacha kuja. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwandishi, mimi nikimpinga yule mtangazaji hanijibu. Hamu ya kuangalia itoke wapi?"

Basi nikaacha kulipia. Dishi alilishusha Mzee Luka mwenyewe juu ya bati, huku mkewe akimfokea kutoka chini. Mama sasa analitumia kuanikia mbegu za maboga. Mzee Luka anasema linadaka jua vizuri kuliko lilivyokuwa linadaka chaneli.

Habari ya pili ni ya simu. Ile yangu yenye kioo kilichopasuka, uliyoiita "ile yenye kovu", ilifikia kujizima katikati ya mahojiano. Mkuu wa soko anapoanza kusema ukweli, simu inalala. Nilivumilia, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kasoro zake zote, lakini mhariri hakuvumilia. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa sokoni Mwanjelwa anihamishie majina na picha kwenye simu mpya. Aliigeuza huku na huku, akaniuliza, "Dada, hii ulikuwa unaitumia au unaiuguza?"

Simu mpya ni nzuri na ina kiherehere. Nikiandika jina la kijiji inabadilisha kuwa neno jingine. Kamera yake inalainisha nyuso bila kuombwa. Nilimpiga picha mwenyekiti mmoja wa kitongoji, mzee wa makunyanzi ya heshima, akatoka kama bwana harusi. Mhariri akanipigia: "Huyu ni mwenyekiti au mtoto wa mwenyekiti?" Nilitumia asubuhi nzima kutafuta pa kuzima huo urembo. Nimepapata. Siku hizi watu wangu wanatoka na sura zao.

Ile ya zamani fundi aliibadilishia kioo na betri, na ikapona kabisa, jambo lililoniudhi kidogo. Nikampelekea Mama. Kitochi chake, ile simu ndogo ya vibonyezo, amekataa kukiacha. Kinakaa kwenye leso kifuani, nacho ni cha mambo ya haraka. Simu janja ameiita "simu ya wageni", na inakaa sebuleni.

Mwanzoni, nikimpigia kwa video, nilikuwa naongea na paji la uso wake. Baadaye niliongea na dari, nikajua lile bati la kona bado linavuja. Kisha akagundua kwamba akiiegemeza kwenye mto, juu ya kiti chako, ananiona vizuri na mikono yake inabaki huru kwa maharage. Toka siku hiyo nikaanza kupokelewa. Nasema kupokelewa kwa sababu Mama hakubali kwamba ile ni simu. Kwake mimi nimekuja. Anavaa kitenge safi. Anasalimia upya kwa Kihehe, "Kamwene", nami naitika, halafu zinafuata habari za nyumbani, za kazi, za mvua, za watoto, za mume, na kwa nini nimekonda. Akiwa na mtu jikoni anamwita aje amsalimie mgeni, na yeye anaanza Kamwene yake toka mwanzo. Bando langu la kwanza liliishia kwenye salamu. Niliwahi kuona amenitengea kikombe cha chai mbele ya simu. Nikamwambia, "Mama, siwezi kunywa." Akasema, "Najua. Ila huwezi kukaa hapo bila kitu."

Sasa, kilichobadilisha mambo ni namna ya kuaga. Siku moja nilikuwa ofisini, kazi inanisubiri, nikamwambia, "Haya Mama, nakata."

"Unakata nini?"

"Simu. Naondoka."

"Unaondokaje peke yako? Subiri."

Nikamsikia anatafuta sweta. Akaniinua kutoka kwenye kiti, akafungua mlango, tukatoka. Baba, ulitulea hivyo wewe na yeye: mtu akija kwenu, unamsindikiza mpaka barabarani, na njiani ndipo yanasemwa yale yaliyoshindikana sebuleni. Nilidhani nayajua haya. Sikujua kwamba yanahusu hata simu. Nilianza safari nikiona miguu yake na jogoo. Kisha mawingu. Kisha shingo ya sweta yake. Kisha akajifunza kunishika nikitazama mbele, na njia yote ikawa wazi: shamba la viazi la jirani, mikaratusi, mashine ya kusaga, njia panda.

Na watu. Mama Faraja alikuwa anaanika nguo: "Mama Tumaini, unakwenda wapi na simu umeinyoosha kama tochi?"

"Namsindikiza Tumaini."

"Alikuja lini?"

"Si huyu hapa."

Akaja, akanisalimia, akaungana nasi. Wa mashine alitoka na unga kwenye nyusi, akanisalimia. Mke wa mwinjilisti alisimamisha jembe kumuuliza Mama kama goti limepoa, na kwa nini jana hakuonekana kwenye mazoezi ya kwaya. Tulipofika njia panda tulikuwa kundi. Vijana wa bodaboda waliuliza nani anasindikizwa, Mama akawaambia ni mwanae, anarudi Mbeya. Mmoja akasema, "Bibi, mwambie apande boda basi, tumpe bei ya mwenyeji!"

Nilikata simu nikiwa nacheka. Wenzangu ofisini walidhani nimepata habari, na walikuwa sahihi.

Kwa sababu jioni ile nilirudi nyumbani na kukitazama kile chumba cha nyuma kama ninavyotazama jambo la kuandika. Mtaani kwangu naondoka asubuhi geti limefungwa, narudi giza likiingia geti limefungwa. Jirani wa kulia namjua kwa honi ya gari lake. Mama angekaa mle kutwa nzima na televisheni yangu, na hiyo tumeshajua ataifunika kitambaa. Nikampigia Ezekieli, nikamwambia tusimamishe mpango wa kumhamisha Mama. Akapinga, kama ilivyo haki yake. "Kusalimiwa ni kusalimiwa, dada. Mimi nimeuliza akianguka." Nikamwambia ampigie Mama, na akitaka kuaga aage kwa sauti. Alinipigia baadaye amelegea kidogo. Alikuwa amesindikizwa hadi njia panda, na yule wa mashine amemkumbusha mbele ya kadamnasi jinsi alivyonasa utotoni juu ya mti wa mapichi wa mchungaji akashushwa kwa ngazi. Lakini swali lake hakulifuta. Nami sikuweza kumwambia alifute. Lilikuwa swali zuri.

Jumapili moja baada ya ibada nilipiga, simu ya wageni ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga kitochi. Kikaita mpaka kikachoka. Nikarudia. Nikamwambia Ezekieli, naye akasema maneno mawili tu, "Si nilisema." Mimi huwa sitetemeki, Baba, unajua. Nimesimama kwenye ajali za barabara kuu na kalamu yangu haijaruka mstari. Siku ile nilivaa viatu vya rangi mbili tofauti na funguo za gari zilikuwa mkononi, niende Kilolo nikajionee mwenyewe. Sijafika mlangoni, simu ikaita. Kwenye kioo palikuwa na sikio. Lilikuwa na nywele nyeupe ndani.

"Mwandishi! Unapigapiga nini?"

"Mzee Luka, shikamoo. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Mama yako ana kifua. Tumempeleka zahanati, wamempa dawa, tumerudi naye. Mke wangu anamkorogea uji."

"Mmejuaje anaumwa?"

Sikio likatoka, likaja jicho. Liliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, na mimi nimewahi kuwauliza hivyo mawaziri. "Hakuja bombani asubuhi," akasema. "Tukaja."

Akanipeleka chumbani. Mama alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni, watu wamejaa, mke wa mwinjilisti anasuka mkeka pembeni kama yuko kwake. Kikohozi kilikuwa kinambana, ila mamlaka hayakupungua. Tulipomaliza kuongea akasema, "Luka, mimi leo siwezi. Usimwache mtoto hapo, msindikize."

Mzee Luka akanichukua. Tulipopita mikaratusi akaanza. "Ile habari yako ya vitunguu vya Ruaha Mbuyuni nilisomewa. Umeandika mwaka huu vimekuwa vidogo. Siyo kweli."

"Nilikwenda, mzee. Niliviona shambani."

"Uliviona vya nani?"

Nikamjibu. Akanipinga. Nikamwambia nilipima kwa macho yangu mashamba ya pande zote mbili za barabara, akasema macho ya Mbeya yamezoea vitunguu vya kwenye nailoni. Tulipofika njia panda tulikuwa hatujaelewana hata jambo moja, na sauti yake ilikuwa imerudi kama zamani, ile iliyokuwa inakuinua kwenye kiti. Akaniagiza kesho nipige mapema, tumalize. Hatujamaliza. Hata jana tulikuwa tunabishania mbolea.

Nilimsimulia Ezekieli neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Akauliza, "Bombani saa ngapi huwa anakwenda?" Nikamwambia mapema. Akasema, "Basi wanajua kabla yetu." Kile kitanda kifupi ameomba nikipeleke Kilolo, awe analalia yeye akienda.

Mama amepona. Na wiki iliyopita amepanda miche ya parachichi kwenye lile eneo la mteremko ulilosema limechoka. Bwana shamba wa siku hizi, kijana mmoja mpole, alimtahadharisha kwamba itamchukua miaka kadhaa kuanza kuzaa, asije akakata tamaa. Mama akamwambia, "Kwani mimi nakwenda wapi?"

Baba, nakuahidi haya, wewe usiyeweza tena kunikatiza: hakuna atakayemhamisha. Siku akitaka kuja Mbeya atasema mwenyewe, na tutamfuata. Asiposema, mimi ndiye nitakayekwenda, kwa miguu hii ya kweli, kupalilia ile miche na kula kande zake. Nimeshaomba likizo ya msimu wa kupalilia. Mhariri ameuliza kama kuna habari huko. Nimemwambia ipo, ila inaota polepole.

Lala salama, Baba. Mama anakusalimu, kwa Kihehe na kwa urefu wake wote.

Mwanao,
Tumaini