Binti Yangu Anataka Kuhama Darasa la Saluni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, ukishafika cheka tu kwa sababu hata mimi nikijisikiliza nacheka, maana shida yangu si ya mume wala wifi wala jirani, mume wangu ni fundi wa majokofu na ni mtu mpole asiye na makuu, nyumba ina amani, kazi inakwenda, na mtoto tunaye mmoja tu, wa kike, mwenye adabu zake, na ni huyohuyo aliyenitia kwenye mtihani huu.

Mimi ni msusi. Nina saluni ndogo yenye vioo viwili, sinki moja na benchi refu la wanaosubiri, na wewe unajua kusuka rasta nyembamba kichwa kizima si kazi ya kukimbia, mteja anakaa mpaka miguu inakufa ganzi, na watu waliokaa muda wote huo wasipopata la maana la kuzungumza watawasema wenzao, na saluni yangu ilikuwa imeshaanza kupata jina baya kwa umbea. Basi binti yangu alipoingia yale madarasa ya kati, pale mtoto anapoacha kuhesabu vijiti na kuanza mambo mazito, akawa akitoka shule anakuja kukaa kwenye kigoda kando ya sinki na kusoma kwa sauti yale waliyofundishwa, kwa sababu mwalimu wao aliwaambia anayetaka kuelewa somo amfundishe mwingine. Mwanzoni nilimwambia apunguze sauti. Lakini siku alipofika kwenye usanisinuru, akaeleza kwamba jani linachukua mwanga na maji na hewa likajitengenezea chakula chake lenyewe bila kusumbua mtu, mteja mmoja ambaye ni nesi akainua kichwa mikononi mwangu akasema, "Hebu rudia hapo. Yaani jani linajipikia? Laiti baba watoto wangu angekuwa jani!" Benchi zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo umbea ukakosa nafasi.

Mshauri, sijui nikuelezeeje furaha ile. Wateja walianza kuulizana njiani leo kuna somo gani, yupo mama mmoja tunamwita Bibi Maswali, nywele zake ni chache mno lakini akawa anakuja kuzisuka kila mara ili asikose kipindi, na binti yangu wakambandika jina la Profesa. Tulisoma mzunguko wa maji. Tulisoma mihimili ya dola, tukakubaliana kwamba pale kwetu wateja ndio bunge, mimi ndiye serikali na Bibi Maswali ndiye mahakama, tena ya rufaa. Tulichora ramani ya mtaa wetu nyuma ya kalenda ya zamani, kwa kipimo, watu wakitoka nje kuhesabu hatua na rola kichwani, ndipo tukagundua kwamba duka tunalolikwepa kila siku kwa madai kuwa liko mbali ndilo lililo karibu zaidi. Na mimi ambaye niliishia darasa la tano, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kwanza na nyumbani kulikuwa na mgonjwa wa kuuguzwa, silii, yamepita, lakini mimi huyo nilijikuta naamka asubuhi jambo la kwanza ninalojiuliza ni leo watoto watafundishwa nini.

Sasa sikia tulipoharibu. Hesabu ilipofika kwenye milinganyo, ile ya kutafuta x, benchi likapiga miayo. Nesi akasema, "Mwanangu, hiyo x wamekaa nayo wenyewe huko shuleni miaka yote wameshindwa kuipata, ndiyo wakutume wewe mtoto mdogo?" Tukacheka sana. Mwingine akasema tuletee habari za tumbo, vile chakula kinavyosagwa, na mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilisema ndiyo, tuletee tumbo. Mtoto ana heshima, hakubisha, akarudisha hesabu kwenye mkoba. Kesho yake akaitoa, tukaguna, akairudisha. Ikawa ndiyo desturi, sisi tunachagua somo kama mtu anavyochagua msuko kwenye picha za ukutani, huu nautaka, ule haunipendezi.

Matokeo ya muhula yalipotoka mwalimu wa darasa akaniita. Nikaenda nimevaa vizuri, nikijua naenda kupongezwa, na kweli sayansi ameongoza, maarifa ya jamii yuko juu, lakini hesabu imeanguka kifudifudi. Halafu mwalimu akanionyesha karatasi ya ufahamu wa Kiswahili. Kifungu kilikuwa na mzee aliyeuza shamba, na swali likauliza kwa nini aliliuza, na mwanangu kaandika kwamba ni kwa sababu ya mke mdogo. Mwalimu akaniuliza, "Mama, huyu mke mdogo katoka wapi? Kifungu kinasema mto ulihama, shamba likakosa maji." Nikatamani ardhi inimeze, kwa sababu namjua huyo mke mdogo alikotoka, tulikuwa tumesoma kifungu kinachofanana na hicho saluni na wateja wote kwa kauli moja walipitisha kwamba mwanamume hauzi shamba hivihivi, lazima kuna mke mdogo.

Niliporudi nyumbani binti yangu akaniambia, "Mama, naomba nihamie kwa mama mkubwa mpaka mtihani wa mwisho upite." Dada yangu anaishi peke yake, ni mtunza ghala, nyumba yake kimya unasikia saa ya ukutani ikitembea. Nikamuuliza nimekukosea nini. Akasema, "Hujanikosea, mama. Ila nikisoma saluni nasikiliza wao wanataka nini." Nikamwambia basi tutawanyamazisha, utasoma hata hesabu usiyoipenda. Akainama, akasema, "Lakini mimi hesabu naipenda. Naona aibu tu kuipenda mbele yao."

Mshauri, neno hilo nalala nalo na kuamka nalo. Nimemwambia nitampa jibu Jumapili. Mume wangu alisema mwache aende, kisha akarudi kwenye mota yake kama vile kazungumzia bei ya sabuni. Wateja watanuna lakini nywele haziachi kuota, watarudi. Mimi ndiye sijui nitabaki na nini, redio labda. Je, ni vibaya mama kutamani mtoto asiende, si kwa sababu atamkosa tu, bali kwa sababu masomo yalikuwa matamu?

Ni mimi, Mama Profesa.

JIBU LA MSHAURI

Mama Profesa, barua yako nimeisoma chai ikiwa mezani, nilipoimaliza chai imekuwa ya baridi, na lawama nakubebesha wewe.

Kwanza pokea pongezi zako, maana kwenye meza hii napokea barua za wazazi ambao hawajui mtoto wao yuko darasa gani. Wewe umeigeuza saluni ya umbea kuwa mahali pa watu kubishana kuhusu mvua inatoka wapi. Umekuza binti ambaye anaweza kumwangalia mamake usoni na kumwambia anachohitaji bila kumvunjia heshima. Hilo halitokei kwa bahati. Dada, umelea.

Haya, pongezi zimekwisha, kaa vizuri.

Nani aliwapa ninyi wateja na msusi wao kalamu ya kupanga mtaala? Waliosema mtoto asome lugha na hesabu na sayansi na maarifa ya jamii kwa pamoja hawakuwa na nia ya kumchosha. Masomo hayo yanashikana mikono, ukilitupa moja mengine yanayumba. Huko mbele sayansi itamdai hesabu na hataruhusiwa kusema benchi halikupenda. Ile ramani mliyoifurahia mliichora kwa kitu gani kama si kwa hesabu? Na huyo nesi wako mcheshi, mwambie nimemsikia. Siku atakayokosea kupima dawa ya mgonjwa kwa uzito wake ndiyo atajua x inatafutwa na nani. Wewe nawe, unapochanganya rangi ya nywele na dawa yake, hukisii, kwa sababu ukikisia mteja anaondoka na kipara. Mlikuwa mnaicheka hesabu huku mmeishika mkononi.

Kuhusu mke mdogo, nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini ufahamu ni somo la kusoma kilichoandikwa, si kile tunachokijua sisi kuhusu waume za watu. Mzee wa watu kahamwa na mto wake, shamba limekauka, nanyi mkamwongezea mke! Mtoto akipoteza alama kwa maneno ya benchi, ni benchi lililompotezea.

Sasa lililoniuma mimi ni hilo la aibu. Mtoto anapenda hesabu na anaificha kwenye mkoba kama aliyeiba. Hamkumpiga, hamkumtukana, mlicheka tu, tena kwa upendo. Kicheko cha watu unaowapenda kina nguvu kuliko fimbo, na ninyi hamkujua. Sikuhukumu kwa hilo. Nakwambia tu usiendelee.

Utafanya hivi. Usingoje Jumapili. Jumapili ni yako wewe ya kujipa moyo, na mtoto hana wakati wa kukusubiri. Mwambie leo aende kwa mama yake mkubwa, na unapomwambia usitoe machozi, kwa sababu ni mtoto mwenye huruma, akiyaona atabaki, na kila akifungua kitabu atakuwa anasoma kwa ajili yako. Mwambie hesabu aipende waziwazi. Msindikize na mkoba wake, msalimie dada yako, ukae kidogo, urudi. Usiwe unapita kila jioni kwa kisingizio cha kuwapelekea mboga, dada yako ana mikono. Akija nyumbani kukusalimia usimvizie kwenye kigoda umuulize wamefika wapi kwenye sayansi. Muulize kalala vipi, msuke nywele, nyamaza.

Wateja nao waambie ukweli wote, na karatasi ya mke mdogo uwasimulie. Wakinuna, Bibi Maswali yupo, ataamua kesi.

Nimebakiza swali lako la mwisho. Umeuliza kama ni vibaya kutamani mtoto asiende kwa kuwa masomo yalikuwa matamu. Si vibaya, dada. Hiyo ni njaa, na njaa si dhambi. Vibaya ni kumtuma mtoto akale darasani kwa niaba yako halafu akuletee makombo, tena ukamchagulia na ya kuleta. Ulitolewa darasa la tano ukauguze mgonjwa, ukasema yamepita, kisha ukaniandikia barua nzima inayoonyesha kwamba hayajapita hata kidogo. Mtu asiyejali shule haamki asubuhi akijiuliza leo watoto watafundishwa nini.

Yule mwalimu wa darasa aliyekuonyesha karatasi, rudi kwake. Muulize madarasa ya jioni ya watu wazima yanafanyikia wapi, na kama hapo kwao hayapo, akuelekeze yalipo. Utakaa kwenye kiti kidogo magoti yakigonga meza, utakosea, na kuna watu watacheka. Vumilia, wewe unajua kicheko hicho kinavyotoka bila nia mbaya. Ila ukishaandikishwa usichague somo. Lile litakalokupigisha miayo ndilo ulikalie mbele.

Binti yako walimu anao, tena wazuri. Asiye na mwalimu ni wewe. Jumatatu funga saluni mapema, nenda kajiandikishe.