Muhuri wa Pili

Jumatano, 11 Machi

Niwie radhi, daftari. Sijakugusa tangu Novemba. Mdogo wangu alifariki mwezi ule, na tangu hapo sikuwa na sentensi. Hata sasa sina. Lakini leo limetokea jambo la kuandikwa.

Fundi wa kompyuta alikuja ofisini. Ni mama wa makamo, mpole. Kila mtu humwita Bi Waya. Alisema mfumo endeshi wa mashine yangu ni toleo la zamani, na waliolitengeneza wataacha kulihudumia tarehe thelathini na moja. Baada ya hapo hakuna atakayeziba matundu yake. Wezi wa mtandaoni wataingia watakavyo. Mkurugenzi ameagiza mashine zote zihamie toleo jipya. Nikauliza mbona sikuarifiwa. Akanyoosha kidole kwenye pembe ya skrini.

"Mwalimu, imekuarifu kila siku kwa miaka mitatu."

Ni kweli. Kila asubuhi nilibonyeza "Nikumbushe baadaye". Sikubali mkataba nisiousoma hadi mwisho, na wa toleo hilo jipya una kurasa hamsini na nane. Nilifika ya arobaini na moja.

Alhamisi, 12 Machi

Bi Waya amejaribu kwenye mashine mpya programu ya kamusi tuliyokuwa tukiitunga mimi na mdogo wangu. Haifunguki. Programu hiyo aliiandika yeye mwenyewe, miaka kumi na tisa iliyopita. Yeye alikuwa na kipaji cha mambo hayo. Mimi nilikuwa na kipaji cha kumkosoa. Mwaka juzi alinisihi nikubali toleo jipya ili aitengeneze upya angali na nguvu. Nilimwambia sijamaliza kusoma.

Nimekunywa chai. Haikuwa na sukari. Nilitambua ilipokwisha.

Jumanne, 17 Machi

Bi Waya ametoa maneno elfu ishirini na nane kwenye mashine ya zamani, salama. Mia nne na kumi na mawili yamegoma.

Sababu naijua. Sharti nililiweka mimi: neno halitoki mpaka sote wawili tuligonge muhuri, yaani kila mmoja aandike nywila yake chini ya maelezo. Nilihofia angepitisha mambo nyuma ya mgongo wangu. Alicheka: kaka, unataka tufunge ndoa na kila neno! Lakini akalijenga sharti hilo, tena imara.

Yaliyogoma ni yale tuliyogombania, maneno ya gereji na ya sokoni. Aliyaeleza yeye, nikayafuta maelezo yake, nikaweka yangu, nikagonga muhuri. Yeye hakugonga. Programu imeyatunza maelezo ya wote wawili. Bi Waya anasema ikipata nywila ya pili itayatoa yote kwa mpigo — ama kwa maelezo yangu, ama kwa yake. Au niyanakili kwa mkono, kimyakimya. Nikamwambia kitabu kitakuwa na majina mawili jaladani. Kuyaingiza bila ridhaa yake ni wizi, wa kupitia mlango wa uani.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Alikuwa akikunja mashati ya marehemu. Bado anayapiga pasi. Sikumwuliza kwa nini. Nilieleza shida yangu kwa utaratibu. Akaniambia marehemu alikuwa akirudi kazini, anatupa viatu mlangoni na kusema, leo kaka kaniulia neno jingine. Alicheka. Nami nilijaribu.

Nywila ilikuwa ndani ya kifuniko cha bweta la miwani yake, kwa mwandiko wake mbaya. Hakunipa mara moja.

"Shemeji, ukiitumia, itumie kwa maneno yake. Usimfanye aseme alichokataa akiwa hai."

Nikasema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Jumatatu, 30 Machi

Mkurugenzi kapita. Kesho saa kumi faili linakwenda kiwandani kuchapwa. Neno ambalo halimo, halimo. Kisha mashine itafutwa.

Nimesoma maelezo ya marehemu, ya kwanza hadi ya mwisho. Sikuwahi kuyasoma hivyo, nilikuwa nikiyasahihisha. Neno "spana". Maelezo yangu: Kifaa cha chuma cha kukazia au kulegezea nati. Yake: Chuma cha kushikia nati, kina namba, na ukikosea namba unaharibu nati, si spana.

Hiyo si fasili. Ni ushauri. Mwanafunzi angeniletea hiyo ningempa sifuri.

Nilimsomea dereva wa ofisi yote mawili, bila kutaja ya nani. Akasema ya kwanza yameandikwa na mtu asiyewahi kushika spana. Sijawahi, kweli.

Sikuona uchungu. Nilitazamia niuone. Nimekaa tu, mikono mezani.

Jumanne, 31 Machi

Saa nane na nusu. Bi Waya yuko mlangoni na kiti chake. Nimechagua maelezo ya marehemu. Nikarudisha yangu. Nikachagua tena yake. Kuna makosa mia nne na kumi na mawili humo, na jina langu litakuwa la kwanza jaladani. Nikiweka yangu, kitabu kitakuwa sahihi, naye atakuwa amekubali — jambo ambalo sikulipata kwake kwa miaka kumi na tisa.

Nikiyaacha yote, hakuna atakayejua kwamba tuligombana.

Nimeandika herufi tatu za nywila. Bi Waya ameuliza kama ninahitaji msaada. Nimemwambia hapana, naandika kwanza hapa. Nikishaamua nitaandika ni maneno ya nani.