Cheti cha Baba Yake Sesilia

Jumatatu, 2 Juni

Vyeti vinne leo. Vitatu vya ubatizo, kimoja cha ndoa. Pedi ya mhuri imekauka, nimeitemea mate kama kawaida. Paroko kaenda Biharamulo kwenye mkutano wa mapadre, kaahidi kununua wino akipita Nyakanazi. Atasahau. Miaka kumi na tisa niko kwenye meza hii ya ukatibu, sijamwona akikumbuka wino.

Saa sita kaja Mama Sesilia, jirani yangu, mama yangu wa kipaimara. Anataka cheti cha ubatizo cha marehemu baba yake. Wapimaji wa ardhi wako kijijini wanaandikisha mashamba, na yeye hana kitambulisho cha taifa. Wilayani wamemwambia alete ushahidi kwamba baba yake alizaliwa Tanganyika. Akipata kitambulisho, shamba la migomba aliloachiwa na mumewe linaandikwa jina lake. Asipopata ni mgeni, na mgeni haandikwi. Ana miaka sitini na minane. Hajawahi kulala nje ya wilaya hii, isipokuwa hospitalini.

Nimemwambia aje Alhamisi.

Jumatano, 4 Juni

Nimempata. Kitabu cha ubatizo cha kwanza kabisa, kile ambacho jalada lake limeliwa na mende. Mwandiko wa padre wa kizungu, Kilatini, herufi zimelala. Petro, mtoto mchanga. Alipozaliwa: jina la kilima chetu, hiki hiki ninachokiona dirishani. Pembeni, nchi: Urundi.

Nimekaa.

Najua ilivyokuwa. Baba alikuwa akisimulia. Mjerumani alipoondoka, Mbelgiji na Mwingereza waligawana. Kilima chetu kikahesabiwa kwanza upande wa Mbelgiji, Urundi, ndiyo Burundi ya leo, padre akaandika alivyoambiwa. Baadaye wazungu wakakaa kikao tena, mpaka ukasogezwa, tukawa Tanganyika. Hakuna aliyehama. Hata mbuzi hakuhama. Na hakuna aliyerudi kusahihisha kitabu.

Paroko amerudi bila wino. Nimemwonyesha. Kasema cheti kinafuata kitabu, hatuna ruhusa ya kupunguza neno. Kweli. Ndivyo mimi mwenyewe ninavyowaambia makatekista. Kasaini huku anaongea na simu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempa. Kakipokea kwa mikono miwili, kakifunga ndani ya kitenge bila kukisoma. Kasema Mungu akubariki mwanangu.

Ningeweza kumwambia. Muda ulikuwepo, ofisini hapakuwa na mtu. Nimemwambia asikikunje sana, karatasi ni nyepesi.

Jumanne, 10 Juni

Nimesikia kisimani. Wilayani wamemrudisha Mama Sesilia mikono mitupu. Afisa kasoma neno moja, kasema cheti alichokileta mwenyewe ndicho kinachomkataa. Kapewa fomu ya wageni aijaze. Leo asubuhi wapimaji wamefika kwake, na shamba limeandikwa jina la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kwa muda, wamesema. Shemeji keshapita na panga, anaweka alama kwenye migomba.

Sikusikia kitu moyoni. Nilijaza ndoo, nikapika, nikala.

Jumatano, 11 Juni

Nimesoma ukurasa wote. Nilipaswa kuusoma wiki iliyopita. Urundi, Urundi, Urundi, toka juu hadi chini. Babu wa katekista. Baba yake mwenyekiti wa kijiji. Baba mkwe wa Sesilia, yaani baba yake huyo huyo shemeji aliyeandikwa shamba. Na mistari miwili chini ya Petro, Zakaria, babu yangu mzaa baba.

Mimi kitambulisho ninacho. Walipokuja kuandikisha shuleni waliniuliza jina, wakanipiga picha, basi. Sesilia siku zile alikuwa amelazwa na mguu.

Sina hasira. Nimeitafuta. Nimkasirikie nani, padre aliyekufa kabla sijazaliwa? Afisa ni kijana wa kutoka mbali, anasoma anacholetewa. Na alicholetewa nilikiandika mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeandika cheti cha babu Zakaria. Paroko kasaini bila kuuliza. Usingizi nimepata vizuri tu, na hilo ndilo linalonisumbua.

Jumatatu, 16 Juni

Ngara mjini. Foleni tangu saa tatu, nimeingia saa saba. Nimemweleza afisa yote. Kwamba kilima kizima kimeandikwa hivyo, na cheti cha babu yangu ndio hiki, na kitambulisho changu ndio hiki. Wote sawa au wote wageni. Alisikiliza. Ana adabu, aliniamkia shikamoo. Akatoa cha Petro kwenye faili la Sesilia, akaviweka vyeti viwili sambamba. Kisha:

"Mama, unataka nifungue faili la kijiji kizima?"

Akilini nilimwona dada yangu na wanawe watano. Nikawaona wote wanaokaa mabenchi ya mbele kanisani, wakiwa kwenye foleni ile, kila mmoja na karatasi yenye mwandiko wangu.

Nikasema hapana.

Kanirudishia cha babu. Cha Petro kimebaki kwenye faili la Sesilia. Nikanunua wino wa mhuri, nikapanda gari la kurudi. Mimi ni mwoga. Naandika hapa nisije baadaye nikajidai sikujua.

Jumatano, 18 Juni

Vyeti viwili vya ubatizo. Mhuri sasa unatoka vizuri.

Jumapili, 22 Juni

Misa ya pili. Mama Sesilia alikuwa mahali pake, upande wa akina mama, karibu na nguzo. Mchana nikaenda kwake. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Tukachambua maharage uani. Shemeji kamruhusu avune ya msimu huu, na nyumba abaki nayo. Anamwita mtu mwema.

Akanishukuru kwa cheti, eti nilihangaika. Nikaanza kumweleza ukurasa ulivyo na nilivyokwenda Ngara, nikaishia katikati. Hakunisukuma. Akachambua kidogo, akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Na wewe mwanangu, kitambulisho chako ulikipataje?"

Nikamwambia mimi sikuulizwa.

Akapuliza maganda kwenye ungo. Halafu akasema, taratibu, kama anayeongea na mtoto mgonjwa:

"Basi usiende tena kule. Wasije wakakuuliza."

Akanisogezea maharage mengine. Tulichambua mpaka jua likapungua.