Mirathi Iliyomo Kwenye Dubwi

Kaka Salimu,

Mkeo ametoka eda. Siku ya pili yake alivaa baibui jipya akaniomba nimsindikize hadi mtaa wa Turffontein. Nilidhani anakwenda kwa fundi cherehani. Kumbe ananipeleka kwenye ule ukumbi wa mashine za kamari. Alizipita zote bila kuziangalia mpaka akalifikia dubwi lako, ile mashine ya pembeni uliyokuwa ukiichezea, akaketi.

"Mirathi yangu imo humu, shemeji," akaniambia.

Maneno yale yalitoka kwako. Ulikuwa ukirudi mikono mitupu unamwambia, "Usinune, mama. Sijapoteza, naweka kibubu. Kikijaa tutakipasua." Sijui ulikuwa unamtania au ulijidanganya mwenyewe. Yeye aliamini. Tangu siku ile ya baibui jipya akawa anakwenda kila siku baada ya adhuhuri, na duka lenu la vitenge pale Mayfair linafungwa wateja bado wako mlangoni. Mungu akusamehe, kaka.

Jumamosi iliyopita, kama nilivyoandika kwenye shajara yangu, ukumbini kulikuwa na somo la bure kwa wachezaji: namna ya kucheza kwa kiasi, na chai na sambusa juu yake. Nilitilia shaka papo hapo. Mwenye mashine anilishe sambusa ili nisimpelekee pesa? Duka gani linamfundisha mteja kutonunua? Nikaenda na shemeji makusudi, nikakaa nyuma niwaone vizuri. Sambusa sikuigusa.

Mwalimu alikuwa dada wa Kikongo, mpole mno. Upole ule nao sikuupenda. Nikamuuliza mbele ya watu ni nani anayemlipa.

"Ni hao hao wenye mashine, papa. Banalipa, mimi nasema kweli."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Akasema mashine haijai. Kila ukibonyeza inaanza upya, kana kwamba hujawahi kufika. Haikumbuki ulichoweka jana wala haina deni na mtu. Mzee mmoja wa Kirundi akaruka: "Yangu inanijua! Inanikonyeza!" Kicheko tena.

Ndipo shemeji akasimama. "Mume wangu alikaa pale miaka na miaka. Unasema haimjui?"

"Haimjui, mama. Haikumjua hata siku moja."

Akaketi. Nilidhani atalia. Aliitazama tu mashine yako, ambayo kijana mmoja alikuwa ameshaikalia, anakula chipsi.

Tulipokuwa tunangoja robot, ile taa ya barabarani, ituruhusu kuvuka barabara, alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe Salimu alikuwa ananibembeleza tu." Taa ikageuka kijani, tukavuka.

Siku ya pili akataka ile fomu aliyoitaja mwalimu, ya mtu kujipiga marufuku mwenyewe ukumbini. Unapigwa picha, unatia sahihi, na kuanzia hapo walinzi wanakuzuia mlangoni. Niliisoma yote, na nyuma pia, nikitafuta herufi ndogo za kumnasa. Sikuona kitu. Kutoona kitu nako kumeninyima usingizi.

Ametia sahihi. Lakini jana, tukikunja vitenge, aliniuliza kama walinzi wa kumbi nyingine nao watamkataa. Mwalimu alikwisha sema watamkataa, naye alikuwepo, alisikia. Kwa nini aulize tena? Nilimtazama usoni. Sikujua kama anaogopa au anapanga.

Nitaishia hapa, kaka. Lala salama. Siwezi kukuahidi kwamba ataacha, maana hilo si langu kuahidi. Ninaloweza kukuahidi ni hili: nimeomba zamu ya usiku kazini. Kila siku baada ya adhuhuri nitakuwa dukani pamoja naye, mpaka mlango ufungwe kwa saa yake. Ameshaanza kuniita askari. Naitika.

Mdogo wako,
Hamisi